Waache wa Kwanza Wapite

Assalaam alaykum. Shekhe, wazee wangu, mama zangu mliotoka kuchokoa pweza asubuhi hii na bado mkaja, wavuvi wenzangu, na nyie vijana mnaonitazama kama mtalii: hamjambo?

Mwenyekiti wa BMU, kikundi chetu cha kulinda bahari na samaki, aliniomba nizungumzie maisha ya ughaibuni. Hayo sitayazungumza. Maisha ya ughaibuni ni kodi ya nyumba, theluji, na simu za kuomba hela, na wapigaji wa simu zenyewe wengi mmo humu ndani. Nimeomba ruhusa nisimulie wiki tatu tu nilizokaa kwenye kijiji kimoja cha wawindaji huko mwisho wa kaskazini, kwa sababu tangu nitoke huko nina swali nimelibeba, na wa kunijibu hawako Kanada. Wako hapa Kilwa Kivinje.

Mnanijua. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua, mimi nikawa fundi wa nyumba. Ufundi huo ndio ulionifikisha Yukon, eneo la Kanada linalopakana na Alaska ya Marekani. Naishi Whitehorse, mji mkuu wake. Septemba 2024 tajiri wangu akanituma Old Crow nikanyooshe nyumba zilizopinda. Old Crow maana yake Kunguru Mzee. Jina limetokana na chifu wao mmoja wa zamani, kwa hiyo msiwafikirie hawa kunguru wetu wanaotuibia dagaa juani.

Ngoja niwaoneshe kilipo. Siku ya kwanza, adhuhuri, nilitoa simu nitafute kibla. Mshale ukaonesha kaskazini. Nikaitikisa simu, kaskazini. Nikaizima nikaiwasha, kaskazini. Nikasema hii imeganda kwa baridi, au bado inadhani niko nyumbani, maana hapa Kivinje kibla yetu ni kaskazini tupu. Jioni fundi mwenzangu akanichorea dunia kwenye chungwa, nikaona simu ilikuwa sahihi. Ukitoka msikitini hapa ukaenda kaskazini bila kupinda, unapita jirani na Makka, unavuka Uturuki na Urusi, unafika kwenye ncha ya dunia, na ukiendelea vilevile unaanza kushuka upande wa pili. Kijiji utakachokikaribia huko unakoshukia ni Old Crow. Mimi nikiswali kule na nyie mkiswali hapa, tunatazamana juu ya utosi wa dunia.

Sasa, barabara haifiki. Katika Yukon nzima hicho ndicho kijiji pekee kisicho na barabara ya kudumu. Unakwenda kwa ndege, karibu kilomita 800 kutoka Whitehorse, unavuka ule mstari wa Aktiki, unapoanzia ukanda wa baridi kali wa kaskazini, unakwenda tena zaidi ya kilomita 100, halafu ndege inashuka kando ya mto unaoitwa Porcupine, yaani Nungunungu. Mayai yanakuja kwa ndege. Jokofu kwa ndege. Misumari yangu na jeki zangu zilipimwa kilo kwa kilo kama karafuu. Na ndege yenyewe, msishangae, ni ya shirika ambalo watu wa kijiji hicho wanamiliki asilimia 49. Watu wenyewe hawafiki 300. Sisi hapa mashine moja ya boti ya pamoja ilitugombanisha miaka miwili.

(Sauti kutoka nyuma: "Mitatu!")

Mitatu. Ahsante mzee.

Wenyeji ni Wagwich'in, na hawa wa Old Crow hujiita Vuntut Gwitchin, watu wa maziwani, kwa sababu kaskazini mwa kijiji kuna bonde tambarare lenye zaidi ya maziwa 2,000. Pale ndipo wanapokwenda masika yao kutega panya-maji wa manyoya. Kulikuwa na mama mmoja, Edith Josie, marehemu sasa, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alikuwa akiandika habari za kijiji kwenye gazeti la Whitehorse: nani amerudi kutoka maziwani, amepata panya wangapi, ndege imechelewa, mto umepasuka barafu. Hakusahihishwa Kiingereza chake, aliandika kama alivyoongea, na watu wa mbali wakampenda kwa hilo. Natamani gazeti letu moja limpe mama kama huyo ukurasa, atuandikie nani katoka na dau na nani karudi na nini.

Kazi yangu ilianzia kwenye nyumba ya mama mmoja wa makamo. Sitamtaja jina, hakunipa ruhusa. Nyumba za kule hazina msingi kama tunaoujua. Chini ya majani na tope, ardhi imeganda tangu enzi na enzi, ngumu kama jiwe, na nyumba huwekwa juu ya miguu ili joto la ndani lisiyeyushe ardhi. Siku hizi ardhi hiyo inayeyuka yenyewe. Mguu mmoja unazama vidole viwili, mwingine unabaki, mlango unagoma kufunga. Niliingia jikoni na pima maji yangu. Yule mama akaniambia hiyo ya nini, akachukua betri ya tochi akailaza sakafuni. Betri ikabingirika yenyewe, polepole, ikapita chini ya meza, ikagonga ukuta wa upande wa jiko. "Mwaka jana ilikuwa inaishia mezani," akasema.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijapata kuona kipimo kizuri kuliko kile.

Kwa hiyo mimi nilikuwa chini ya nyumba yake siku nzima, naingiza jeki, napandisha robo kidole, nasikiliza boriti zinavyolia, naweka kipande cha mbao, napandisha tena. Ukipandisha kwa pupa kioo cha dirisha kinapasuka. Na kila saa alikuwa anachungulia, "Unakula nini?"

Hapo pana maneno. Mimi ni Muislamu, nyama yao ni ya bunduki. Wiki ya kwanza nilikula samaki tu, samaki mweupe wa mtoni, mtamu lakini ana miba utadhani mkizi amelala na nungunungu. Baadaye nilikula na nyama. Shekhe, usinitazame hivyo, hilo tutalizungumza nje, nina hoja zangu. Kwa upande mwingine mtanisifu: pombe kijijini ni marufuku. Wamepiga marufuku wenyewe. Mizigo inakaguliwa. Fundi mwenzangu kutoka Whitehorse alinuna siku nne, mimi nikaona niko Kivinje.

Mtauliza, mto upo, samaki aina ya samoni je? Na mimi niliuliza. Mto Porcupine unamwaga kwenye mto mkubwa wa Yukon, na samoni walikuwa wakipanda kutoka baharini maelfu ya kilomita mpaka kule, wengine wa kuliwa na watu, wengine wa kukaushwa kwa ajili ya mbwa wanaovuta sleji. Sasa wamepungua mno. Aprili ya mwaka huohuo niliokwenda, Kanada na Alaska zilikubaliana kutomvua samoni aina ya chinook katika mto mzima kwa miaka 7. Miaka saba. Sisi Songosongo tulipofunga mwamba wa pweza miezi mitatu, mnakumbuka yaliyosemwa. Nilipowaeleza, yule mama aliuliza swali moja tu: "Mlipofungua, mlikuta?" Nikamwambia tulikuta, tena wakubwa. Akaenda kuwaambia jirani zake. Nyie mama zangu wa pweza, habari zenu zinajulikana Old Crow.

Basi samoni hakuna, panya-maji ni wa msimu, dukani nyama inakuja kwa ndege na bei yake nayo iko hewani. Wanachokitegemea ni mnyama mmoja. Na hapa nilichekesha watu. Nilipofika tu uwanja wa ndege nilisikia vijana wanaambiana kwa furaha, "Karibu! Karibu!" Nikaitikia, "Ahsanteni, nimekaribia." Wakanitazama. Kumbe ndilo jina la mnyama kwa Kiingereza, linasikika hivyohivyo. Kwa lugha yao ni vadzaih. Mimi nitasema karibuu, kwa u mbili, tusichanganyane na salamu.

Ni mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kama punda, dume na jike wote wana pembe. Unyoya wake una uwazi ndani kama mwanzi, kwa hiyo haoni baridi, na akiingia mtoni anaelea kama chelezo, mgongo wote juu. Kundi hili limepewa jina la mto, na hesabu ya 2017 ilipata zaidi ya 218,000. Majira ya joto wako kwenye ufuko wa bahari ya Aktiki, majira ya baridi wako kusini milimani, na Old Crow imekaa katikati ya njia. Watu hawakukaa pale kwa bahati. Kama sisi tulivyokaa penye mlango wa bahari.

Siku ya tisa, asubuhi, nipo chini ya nyumba, nikasikia kijiji kimenyamaza. Nikatoka. Watu wamesimama ukingoni, wazee, watoto, hata wa ofisini wametoka. Ng'ambo ya mto, juu ya kilima, kulikuwa na vitone. Vikateremka. Wakaingia majini, kama ishirini hivi, mbele jike mmoja. Maji yalikuwa meusi, baridi inakata masikio, na unasikia pumzi zao kutoka pale tulipo. Boti ziko palepale, mashine nyuma, bunduki zimo ndani. Kando yangu kijana wa miaka kama kumi na sita, ana bunduki ya babu yake begani. Nikamwona anameza mate.

Hakuna aliyesogea.

Wale ishirini wakavuka, wakapanda ukingo wa kwetu, wakajikung'uta maji, wakapita nyuma ya uwanja wa ndege, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele. Nyama imepita mbele ya mlango! Mzee aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja akanieleza bila kunigeukia. Wa kwanza hawaguswi. Wa kwanza ndio wanaojua njia. Wakipita salama wanaacha harufu ya kwato zao ardhini, na walio nyuma wanaifuata. Ukiwapiga, waliobaki wanageuka, wanatafuta kivuko kingine mbali, na kijiji kinalala njaa kwa tamaa ya siku moja. Waache wa kwanza wapite. Hiyo ni sheria yao ya tangu mababu, na sikuona askari wa kuisimamia. Kilichoisimamia ni yule mzee kwenye kiti.

Nilikumbuka mambo yetu, wazee wangu, na mnajua ni yapi. Miaka ile bahari hii ilipokuwa inanguruma kwa baruti mpaka vyombo vinatikisika kabatini. Tulikuwa hatuwaachi wa kwanza, wala wa mwisho, wala mayai.

Siku mbili wakangoja. Siku ya tatu wakaja wengi, mlima ukawa kama unatembea, na hapo boti zikaondoka. Waliwasubiri wapande ukingo wa pili ndipo wakapiga. Nilisikia milio michache kuliko nilivyotarajia. Risasi ni ghali.

Jioni niliona kitu ambacho kwetu kipo lakini kinakufa. Boti moja imerudi na karibuu watano. Kabla mwenye boti hajavua viatu, vijana wake walikwisha kuzunguka na pikipiki za magurudumu manne: bibi huyu paja, mzee yule mbavu, mgonjwa supu ya mifupa, mjane kichwa. Kichwa kule ni heshima, kinachomwa kizimakizima motoni, na ulimi humo ndani mnaugombania kwa macho. Hakuna daftari, hakuna mnada. Mimi mgeni, nisiyejua hata kushika bunduki, nikaletewa paja. Zamani hapa chombo kikishusha, kila aliyesaidia kuvuta kamba alipewa kitoweo, na asiyeweza kuvuta alitumiwa mtoto na kikapu. Siku hizi mnunuzi anasubiri na ndoo ya barafu, na bibi anasubiri dirishani.

Usiku mama mwenye nyumba aliniita nimsaidie kukata. Alikuwa na kisu chembamba kilichonolewa mpaka kimebaki nusu. Anashika pande la paja, anaanza pembeni, anafungua nyama kama unavyofungua mkeka uliokunjwa, haikatiki, inazidi kurefuka, nyembamba mpaka unaona mwanga wa taa upande wa pili. Karatasi ya nyama, mkono mzima urefu wake. Anaitundika kwenye fito juu ya moshi wa magogo mabovu, moto usiwake, moshi tu, nzi wasikae. Mimi nilijaribu. Yangu ilitoka na matundu kama nyavu ya dagaa. Akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia kwetu tunafanya hivi kwa samaki, tunampasua, chumvi, jua, tunaita ng'onda. Akataka kujua tunampasua kuanzia tumboni au mgongoni. Mgongoni, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama fundi anayekubaliana na fundi.

Na wando je, ule uzio wa kunasia samaki, mnadhani ni wetu peke yetu? Milimani kule bado kuna mabaki ya nyua za zamani za miti, mikono miwili mirefu inayofunguka kama faneli, mnyama anaingizwa taratibu, njia inazidi kubana, mwisho wake zizi lenye mitego ya kamba. Bunduki zilipokuja nyua zikaachwa. Nilipooneshwa picha yake niliona wando wa mikoko wa babu yangu, tofauti ni kwamba maji yamekauka na samaki ana pembe.

Lakini nisiwadanganye kwamba ardhi inawalisha bure. Hili linanikera sana nikisoma watu wanaosifia "maisha ya asili". Boti inataka petroli, na petroli inakuja kwa ndege. Pikipiki ya theluji ina spea. Kwa hiyo wawindaji wengi ni waajiriwa, wana kazi ofisini, shuleni, uwanja wa ndege, na mshahara unaingia kwenye mashine ndipo mashine ikalete nyama. Asiye na mshahara hana boti, anasubiri paja la jirani. Kuna intaneti, watoto wanacheza michezo ya simu kama watoto wa hapa. Wana serikali yao wenyewe, kwa mkataba waliousaini na Kanada mwaka 1993. Wamejenga mitambo ya umeme wa jua ya kilowati 940, Aktiki kwenyewe, ambako Desemba jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa, lakini Juni halizami, na kwa mwaka inawaokolea karibu lita 190,000 za dizeli. Mei 2019 wakatangaza hali ya dharura ya tabianchi. Nilipokuwa Whitehorse nilidhani ni maneno ya mikutano. Nilipoiona betri inabingirika jikoni nikaelewa. Wana ziwa moja, Zelma, ambalo mwaka 2007 ukingo wake uliachia na maji yakaondoka, ziwa likabaki tope. Watu wazima wanakuonesha mahali walipotega utotoni na hakuna maji ya kutega.

Sasa nifike kwenye lile swali.

Karibuu huyu anazaa mwanzoni mwa Juni, ndama mmoja tu kwa jike. Hazai Old Crow. Anakwenda kuzaa kwenye ukanda wa pwani, na sehemu kubwa ya ukanda huo iko upande wa pili wa mpaka, Alaska, ndani ya hifadhi ya taifa ya Marekani. Anapapenda kwa sababu nyasi changa ziko tele, mbwamwitu ni wachache, na upepo wa bahari unafukuza mbu, na mbu wa kule, jamani, mbu wa kule wanamkimbiza mnyama wa kilo mia. Wagwich'in wanapaita mahali patakatifu ambapo uhai huanzia. Wao wenyewe hawaendi kuwinda pale, hata njaa iwe kali vipi.

Na chini ya patakatifu hapo inasemekana kuna mafuta.

Mwaka 1987 Kanada na Marekani zilitia saini makubaliano ya kulilinda kundi hilo kwa pamoja. Mwaka uliofuata, Juni 1988, Wagwich'in wa pande zote mbili za mpaka wakakutana Arctic Village, Alaska, wakaazimia kupatetea mahali pa kuzalia, na tangu hapo wamekuwa wakifunga safari mpaka Washington, wazee kwa vijana, mwaka hadi mwaka, kumweleza mbunge wa nchi nyingine habari ya ndama. Mwisho wa 2017 Bunge la Marekani likafungua mlango wa kukodisha vitalu vya mafuta. Mnada wa kwanza ulikuwa Januari 2021, serikali iliyofuata ikaviondoa vitalu. Mnada wa pili ulikuwa Januari 2025, hakuna kampuni hata moja iliyoweka dau. Mwaka huohuo sheria mpya ikaagiza minada mingine minne. Mlango unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa, na karibuu hajui.

Sitajifanya hakimu. Pwani ileile ina wenyeji wengine, Wainupiat wa Kaktovik, na wapo wengi miongoni mwao wanaotaka mafuta yachimbwe, kwani fedha za mafuta ndizo zilizoendesha shule na zahanati za upande wao. Sisi tuliokaa karibu na gesi ya Songosongo tunajua mazungumzo hayo yana pande ngapi, na tunajua anayezungumza kwa sauti kubwa si lazima ndiye anayeishi karibu na kisima.

Ila kilichonikaa ni usiku wa mwisho. Nyumba imenyooka, betri tumeilaza sakafuni haiendi kokote, mama amefurahi mpaka ameita majirani waje waione betri isiyotembea. Tukakaa tunakunywa chai. Nikawasimulia habari ya ndege mmoja mdogo ambaye watafiti walimfungia vifaa kule Alaska, matokeo yakatoka mwaka 2012. Ana uzito wa gramu 25, barua na stempu yake, na anaruka karibu kilomita 14,500 kuja kukaa Afrika Mashariki wakati kwao ni baridi, halafu anarudi kuzaa. Anazaliwa kwao, anakula kwetu. Wakafurahi sana. Mzee wa kile kiti akasema sasa anajua yule ndege alikuwa anakwenda wapi, maisha yake yote alikuwa anamwona anaondoka tu.

Ndipo yule mama akaniuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia ya sokoni. "Na nyie, samaki mnayemtegemea zaidi ni yupi?" Nikamwambia nguru. Akauliza, "Anazaliwa wapi?"

Nikafungua mdomo.

Mimi mtoto wa Kivinje, nimekula nguru kabla sijaota meno, najua anakuja na upepo gani, najua chambo chake, najua bei yake soko la Ferry Dar es Salaam. Nikasema, baharini. Wakasubiri niendelee. Watoto wa nyumba ile, wa miaka saba, minane, wangeweza kukuchorea mkaa kwenye karatasi mahali ambapo chakula chao kinazaliwa, ng'ambo ya mpaka, milima iko wapi na mto uko wapi. Mimi nilisema baharini. Nikanywa chai.

Mahsi' choo, ndiyo ahsante yao, nilisema mara nyingi usiku ule ili nisiulizwe tena.

Nimekuja na daftari. Mwenyekiti, muda wangu nadhani umekwisha, lakini huu uliobaki ni wa wazee, na dawati hili nitalisogeza pale mbele ili nisikie. Nguru wetu anazaliwa wapi? Na miezi gani? Na je, kuna wa kwanza ambao babu zetu walikuwa wanawaacha wapite? Mzee wangu pale, wewe uliyesema mitatu, tuanze na wewe.